Kunyanyua pikapu na kufunga tairi kubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi Toyota Hilux ya 4x4, ile ya kuanzia mwaka 2005 tunayoiita Vigo na Revo iliyokuja baada yake, kwa sababu ndizo zimejaa kwenye gereji zetu. Mitsubishi L200 za umri huo, na Ford Ranger na Isuzu D-Max za kuanzia karibu mwaka 2012, mpangilio wake ni uleule: mbele kila tairi inajitegemea na springi yake ya koili, nyuma kuna ekseli moja nzima iliyokaa kwenye springi za majani. Land Cruiser ya pikapu ina habari zake, nimeiweka chini.

Kunyanyua springi na kufunga tairi kubwa, si kitu kimoja?

Si kimoja, na hapa ndipo hela za watu wengi hupotelea. Springi ndefu inanyanyua chesisi, bodi, bampa na tangi la mafuta. Difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli, hainyanyuki hata milimita moja, maana imo ndani ya ekseli, na ekseli urefu wake kutoka ardhini unaamuliwa na tairi. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, nayo inaiinua kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka, kwa kuwa nusu nyingine inakwenda juu ya ekseli.

Tuweke hesabu. Hilux nyingi za daraja la juu zinatoka kiwandani na 265/65R17 (upana milimita 265, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 17), ambayo kipenyo chake ni kama milimita 776. Ukifunga 265/70R17 unapata 803, yaani difu inapanda milimita 13. Ukifunga 285/70R17 unapata 831, difu inapanda milimita 27. Mtu amebadilisha springi, amelipa fundi, gari limepanda inchi mbili linapendeza, halafu anaingia njia ya malori yenye mifereji miwili na tuta katikati, na kichwa cha difu kinalima palepale kilipokuwa kinalima wiki iliyopita.

Nitajuaje kama pikapu yangu inahitaji kunyanyuliwa?

Gari lenyewe limeshakuandikia. Lioshe chini, lipandishe kwenye shimo la gereji, chukua tochi, uangalie michubuko iko wapi.

Michubuko ikiwa kwenye mdomo wa bampa ya mbele na kwenye bamba la kukinga injini, tatizo lako ni kuingia na kutoka kwenye makorongo, na springi ndefu za mbele zitakusaidia. Pengine bampa fupi ya chuma ingekusaidia zaidi. Ikiwa imekaa katikati, kwenye chesisi au kwenye stepu za kupandia, basi gari linalala tumbo kwenye vilele vya matuta; hapo springi inasaidia, na kung'oa stepu kunasaidia bila gharama. Ikiwa ni nyuma, kwenye ndoano ya kuvutia trela, tazama kwanza mzigo unaobeba, kwa sababu springi zilizochoka zinashusha matako ya gari kuliko unavyodhani. Ikiwa ni kwenye difu, rudi swali la kwanza: ni tairi.

Na kama huoni michubuko ya maana, ila unakwama? Basi shida yako ni mshiko. Gari linaloteleza kwenye udongo mwekundu wa Karatu au Lushoto halihitaji kupanda juu. Linahitaji kashata nzuri za tairi, upepo uliopunguzwa, na dereva asiyekanyaga mafuta kwa hasira. Wengi wanaoniuliza habari ya kunyanyua wapo kundi hili. Wengine wanataka gari liwe na sura, na mimi sina ugomvi na sura, ila tuambiane ukweli kwamba ndiyo sababu, maana anayetaka sura hana haja ya kulipia vitu vya kwenda porini.

Tairi ipi inaingia bila kunyanyua chochote?

Kwenye Hilux yenye 265/65R17, hatua moja juu, yaani 265/70R17, kwa kawaida inaingia bila kelele au kwa kusogeza kidogo plastiki ya ndani ya madigadi. 285/70R17 inagusa. Ukikata kona hadi mwisho, bega la tairi linakwangua plastiki nyuma ya tairi, na wakati mwingine chuma kinachobeba bodi nyuma yake. Utaona alama nyeusi inayong'aa, kama imepakwa grisi. Hiyo ni raba ya tairi yako.

Kunyanyua hakuondoi tatizo hili lote. Springi inashuka na kupanda. Siku utakapoingia shimo huku umekata kona, tairi inarudi palepale ambapo ingefika bila kunyanyuliwa. Kama tairi haiingii springi ikiwa imebanwa mpaka mwisho, haiingii. Utakata plastiki au utachagua tairi ndogo.

Angalia pia rimu. Rimu zenye ofseti ya kutokeza nje zinaleta mguso ambao tairi yenyewe isingeuleta, zinaelemea bearing, na tairi inayotokeza nje ya madigadi inarusha mawe na tope hadi kwenye milango. Spesa za wili, vile vipande vya kuisogeza rimu nje, zina tabia hiyohiyo, na zile za bei poa zisizo na kina cha kukaa sawasawa kwenye habu huwa zinakata nati.

Kwa nini kila mtu anasema inchi mbili ndiyo mwisho?

Kwa sababu ya shafti za mbele. Difu ya mbele ya Hilux imefungwa kwenye chesisi. Ukinyanyua chesisi, difu inapanda nayo lakini tairi zinabaki chini, hivyo shafti mbili zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi zinakaa mshazari zaidi. Siivi jointi, kile kiungo cha shafti kinachojikunja, inaweza kufanya kazi kwenye pembe, lakini si pembe yoyote. Ikizidi, mpira wake unajikunja na kusuguana, unapasuka, grisi inarushwa ndani ya rimu kwa umbo la duara, vumbi linaingia, na baada ya muda unasikia ka-ka-ka ukikata kona.

Hadi milimita 40 au 50 mambo haya huvumilika. Mkono wa juu wa kiwandani, ule unaounganisha tairi na chesisi, nao hapo unakuwa karibu na mwisho wa safari yake; bolijointi, kiungo cha mviringo mwishoni mwa mkono, inakaa imejikunja na kasta, yaani mlalo wa nyuma wa mhimili ambao tairi inageukia, inapungua, hivyo usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na haurudi wenyewe baada ya kona. Ndiyo maana baada ya kunyanyua alaimenti si hiari. Mwenye mashine akikwambia kasta haifiki kwenye kipimo, hakudanganyi: itabidi ununue mikono ya juu iliyotengenezwa kwa gari lililonyanyuliwa. Bei ya mikono hiyo iulizie kabla hujanunua springi.

Zaidi ya inchi mbili unaanza kushusha difu ya mbele kwa vipande vya chuma, kurefusha hozi za breki, kurekebisha propela, ile shafti ndefu ya kwenda kwenye difu. Inawezekana, lakini hilo ni gari la mradi. Gari la kupeleka mbolea shambani lisifikishwe huko.

Fundi anasema aweke spesa tu juu ya shokapu, ni rahisi. Nikubali?

Spesa inafanya springi ileile ikae chini zaidi ya chesisi. Kwa jinsi mkono wa chini ulivyo, spesa ya milimita 25 juu ya shokapu inainua gari karibu milimita 50, kwa hiyo ukisikia "nimeweka spesa ya inchi mbili" uliza maswali. Springi haijawa ngumu wala laini, shokapu haijawa ndefu, na gari likiruka tuta, tairi inashuka chini kuliko ilivyokusudiwa, inavuta bolijointi na siivi.

Kwa gari la mjini linalotaka sura, spesa ndogo iliyochongwa vizuri inatosha. Kwa gari linaloishi kwenye barabara za vumbi zenye mawimbi, nunua springi na shokapu zilizotengenezwa pamoja. Mawimbi yale yanapasha shokapu joto mpaka mafuta yake yanaanza kutoa povu, na shokapu iliyochoka gari inalifanya lielee barabarani. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua shokapu nzuri, acha gari na urefu wake wa kiwandani.

Na nyuma je? Naongeza majani, naweka bloki au shakeli ndefu?

Shakeli, kile kipande kinachoning'iniza mwisho wa springi ya majani kwenye chesisi, ikiwa ndefu ni njia ya kijanja inayopoteza. Inabadilisha pembe ya springi, gari linayumba kiunoni, na urefu unaopatikana ni nusu ya shakeli iliyoongezeka. Bloki kati ya ekseli na springi ya nyuma zinafanya kazi zikiwa fupi, za chuma kizima, na u-bolti zikiwa mpya za urefu wake. Zikiwa ndefu, ekseli inajizungusha unapokanyaga mafuta na springi inajikunja kama herufi S. Springi nzima mpya ndiyo jibu la kudumu. Kuongeza jani moja ni sawa kama majani mengine bado yana mgongo. Kama yamelala, jani jipya litafanya kazi peke yake mpaka lichoke, na senta bolti itakatika siku una gunia ishirini nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalitaji. Hilux nyingi zinazouzwa Afrika zina vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi karibu na ekseli ya nyuma, ikiwa na fimbo ndefu inayoshika ekseli. Kazi yake ni kupima gari limebeba kiasi gani. Gari likiwa tupu, nyuma iko juu, fimbo inaiambia vali ipunguze nguvu ya breki za nyuma zisikamate zikateleza. Gari likilala kwa mzigo, vali inafungua zaidi. Sasa wewe umenyanyua nyuma inchi mbili. Umebeba tani, lakini vali inaona gari bado liko juu, inakunyima breki za nyuma, na kazi yote inabaki mbele. Ukishuka nalo Kitonga au milima ya Lushoto utanusa breki za mbele kabla hujafika chini. Dawa yake ni ndogo: mabano ya kushusha vali au kurekebisha fimbo kwa kiasi kilekile ulichonyanyua. Mwulize fundi atafanya nini kuhusu vali hiyo. Akikuuliza "vali gani?", tafuta mwingine. Kama gari lako ni jipya na kazi hiyo imekabidhiwa kompyuta, hutaiona fimbo.

Nikinyanyua nitabeba mzigo zaidi?

Hapana. Springi ngumu inazuia gari lisilale, haiongezi uwezo wa chesisi, ekseli, breki wala bearing. Uzito wa juu kabisa uliopangwa na kiwanda unabaki uleule. Tena bampa ya chuma, winchi, tairi nzito na rimu za ziada vyote vinakula kwenye tani yako.

Kingine, springi zinauzwa kwa uzito wa mzigo. Kuna za gari linalotembea tupu, za kilo mia tatu za kudumu, na za mzigo mzito. Ukifunga za mzigo mzito kwenye gari linalobeba watu wawili na mkoba wa laptopu, utarushwarushwa na nyuma itateleza kwenye kona yenye changarawe. Mwambie muuzaji ukweli kuhusu siku ya kawaida, usimwambie ile safari moja ya mavuno.

Na bodi ya mzigo inapanda juu. Anayepakia magunia ya mahindi kwa mabega atakulaani kila siku.

Gari litapinduka kirahisi?

Kirahisi zaidi kuliko kabla, ndiyo. Kuna kipimo wataalamu wanatumia: gawanya nusu ya upana kati ya tairi kwa urefu wa kitovu cha uzito. Chukulia pikapu yenye upana wa mita 1.5 na kitovu cha uzito sentimita 70 juu ya ardhi: 0.75 gawanya kwa 0.70 ni 1.07. Kipandishe kitovu sentimita 7 kwa springi na tairi, unapata 0.97. Namba hizi ni za mfano, lakini mwelekeo ni huo, na hapo hujaweka tangi la maji au keria juu ya paa. Dereva aliyezoea kukwepa bodaboda kwa kutupa usukani ajizoeze upya.

Breki pia zinabadilika. Tairi kubwa na nzito inashika barabara mbali zaidi na kitovu cha wili, hivyo padi zilezile zinahitaji nguvu zaidi kuisimamisha. Tofauti ya hatua moja ya tairi hutaihisi sana. Ya hatua mbili au tatu ukiwa na mzigo utaihisi.

Itakula mafuta na kupoteza nguvu?

Ndiyo. Tairi kubwa ni kama kubadilisha difu iwe ya mbio. Difu ya 4.10 ukiifungia tairi kubwa kwa asilimia 7, kama ile 285/70R17, gari linajiendesha kama lina difu ya 3.83. Kwenye tambarare utaona injini inazunguka taratibu na utafurahi. Kwenye mlima wenye mzigo utashuka gia mapema, na gia boksi ya otomatiki itahangaika kati ya gia mbili. Ongeza uzito wa tairi yenyewe, ugumu wa kashata, na upepo unaopita chini ya gari. Injini ya dizeli ya lita 2.8 au 3.0 inavumilia. Ile ya petroli ya lita 2.0 ninakushauri uiache na tairi zake.

Dashibodi itasoma spidi sawa?

Itasoma pungufu. Kwa 285/70R17 badala ya 265/65R17, ikisoma 50 unakwenda kati ya 53 na 54. Ikisoma 80 unakwenda karibu 86. Spidomita za kiwandani kwa kawaida zinasoma juu kidogo ya ukweli, kwa hiyo sehemu ya kosa hilo inafidiwa, lakini usimweleze hivyo trafiki mwenye tochi. Pima kwa GPS ya simu ujue gari lako linadanganya kiasi gani.

Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu. Ukibadilisha oili kila kilomita 5,000 za dashibodi, kweli umetembea kama 5,350. Na ukipiga hesabu ya mafuta bila kurekebisha, gari litaonekana mlafi kuliko lilivyo.

Tairi pana au nyembamba? AT (za ardhi zote) au za tope?

Inategemea ardhi. Kwenye mchanga, kama wa pwani au mito mikavu ya kaskazini mwa Kenya, unataka alama ndefu ya tairi ardhini, na hiyo inapatikana zaidi kwa kupunguza upepo kuliko kwa kununua upana. Shusha kutoka PSI 35 hadi 18 au 20, tembea taratibu, usikate kona ghafla, na uwe na pampu ya kurudishia. Jaribu hilo kabla ya kutumia hela yoyote. Wapo walioghairi kununua springi baada ya kushusha upepo mara moja tu.

Kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa Shinyanga na uwanda wa Serengeti, mvua ikinyesha tairi pana inavaa tope kama kiatu na kuelea juu ya utelezi. Tairi nyembamba inakata kushuka kutafuta pagumu, na ndiyo sababu magari ya kazi yameng'ang'ania 7.50R16 miaka yote. Kashata za tope zilizo wazi zinajisafisha zikizungushwa. AT zikishajaa zinakuwa kipara.

Lakini hesabu siku zako. Anayetembea lami siku tano kwa wiki na shamba mara mbili kwa mwezi achukue AT. Za tope zinaunguruma kwenye lami, zinaisha haraka, na lami ikilowa mshiko wake ni mdogo.

Usinunue kabla hujasoma ubavu. Namba ya mzigo: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Usishuke chini ya iliyokuja na gari. Halafu tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinaweza kuwa na kashata nzuri na raba iliyokufa. Kunja kidogo pembeni ya kashata kwa dole gumba, ukiona nyufa ndogondogo ndani, mrudishie mwenyewe.

Nibadilishe mbili za nyuma kwanza, nyingine mwezi ujao?

Usifanye hivyo kwenye 4x4. Hilux ukiiweka 4H, yaani tairi zote nne zivute, inafunga mbele na nyuma zizunguke sawa. Tairi za vipenyo tofauti zitavutana, na kitakacholipa ni gia za kugawanya nguvu au shafti. Spea nayo iwe saizi ileile. Pima kama inaingia chini ya bodi kabla hujalipa, maana 285 mara nyingi inabana pale.

Land Cruiser ya pikapu ni tofauti vipi?

Mbele ina ekseli nzima kama nyuma, kwa hiyo hakuna habari ya siivi kukaa mshazari kwa sababu ya kunyanyua. Ile ya 79, iliyotoka mwaka 1999, mbele ina koili na nyuma majani. Inanyanyuka kirahisi zaidi, lakini kasta inapotea, na fimbo inayozuia ekseli isiyumbe kando inaivuta upande mmoja. Ukipuuza bushi za kurekebisha kasta, siku moja kwenye spidi ya 70 utagonga shimo na usukani utaanza kutetemeka mpaka usimame. Watu wanalaumu balansi ya tairi. Angalia bushi na bolijointi kwanza.

Kunyanyua bodi kwa vipande kati ya kabini na chesisi?

Nafasi ya tairi inapatikana, uvungu wa chesisi hauongezeki. Shafti ya usukani, wenzo wa gia, kava la feni na bampa vyote vinadai marekebisho. Mimi sipendekezi.

Mbona Iceland wanafunga tairi kubwa mno na magari yanafanya kazi?

Kule kazi ni theluji. Kampuni ya Arctic Trucks ya Iceland inajenga Hilux za tairi za inchi 38 hadi 44, zinazotembea juu ya theluji na upepo mdogo ajabu, chini ya PSI 5 wakati mwingine, ili gari lisizame. Wanakata madigadi, wanabadilisha gia za difu, wanaimarisha mbele. Ni gari jipya linalojengwa kwa ardhi fulani. Sisi tunakopa sura tunaacha difu.

Trafiki na bima watasemaje?

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, na Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, zote zinataka gari lililo barabarani liwe salama, hivyo tairi zinazotokeza, taa zinazopiga watu machoni na usukani unaocheza ni kesi. Kipimo kizuri cha kujipa mwenyewe ni cha majimbo kadhaa ya Australia, ambako seti nyingi tunazonunua ndiko zinakotoka: kunyanyua milimita 75 kwa jumla bila cheti cha mhandisi, 50 kutoka kwenye springi na 25 kutoka kwenye tairi.

Bima ni muhimu zaidi. Wenye bima kubwa, waandikieni wakala barua au barua pepe kabla, mtaje saizi ya tairi na kiasi cha kunyanyua, mtunze jibu. Kampuni ikigundua badiliko baada ya ajali, una kazi ya kueleza kwa nini ulinyamaza.

Na shusha taa za mbele siku hiyohiyo. Pua ya gari ikipanda, mwanga unapanda, na madereva wa malori watakuwashia full usiku kucha.

Kazi ikiisha nikague nini kabla sijaondoka gereji?

Omba gari lipandishwe jeki upande mmoja hadi tairi ining'inie, ukate usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Shika hozi ya breki kwa mkono: inatakiwa ilegee, isikaze kama kamba ya kuanikia nguo. Tazama mpira wa siivi, mikunjo isigusane kwa kubanana. Angalia waya wa ABS umefungwa wapi. Kisha panda tairi ya mbele juu ya jiwe au ngazi ya gereji, ukate tena, usikilize mkwaruzo.

Pima urefu kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike. Tofauti ya milimita chache kushoto na kulia ni kawaida. Ya sentimita mbili si kawaida. Rudi baada ya kilomita 500 wakaze u-bolti, nati na bolti za mikono, hapo gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Bushi za mikono na za majani zikikazwa gari likining'inia zinajisokota na kupasuka mapema. Ukihisi mtetemo kwenye spidi ya 60 hadi 80 ambao haukuwepo, na balansi imefanywa, mwambie atazame senta bearing na pembe ya propela.

Nikichoka naweza kurudisha gari lilivyokuwa?

Unaweza, kama ulichukua springi, shokapu na mikono yako siku ya kwanza. Mafundi wengi wanaviweka pembeni, na baada ya wiki vimeshauzwa. Vifunge waya, andika upande wa kushoto na kulia, peleka stoo. Anayenunua Hilux ya mtumba naye mara nyingi huuliza kama vya kiwandani vipo.